Fundi wa Mvinyo na Tembe la Mama

Dodoma ya mwaka 2004 ilikuwa na misimu miwili, wa Bunge na wa vumbi. Wabunge wakiingia, gesti zilipandisha bei mpaka za Chang'ombe na Kizota, na nyama choma uliyoagiza saa moja usiku uliila saa tatu. Bunge likiahirishwa, mji ulirudi kwa wenyewe: upepo, mibuyu, baiskeli na mikokoteni ya maji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi kwetu ulipitishwa mwaka 1973, na sisi tuliozaliwa baada yake tulikuwa tumeshaacha kuuliza lini.

Kulikuwa na msimu wa tatu ambao wageni wa Bunge hawakuujua. Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Miezi hiyo, ukitoka mjini asubuhi kwa barabara ya Iringa kuelekea Mpunguzi, ungekuta kreti za plastiki zimepangwa kando yake na akina mama wamekaa juu ya ndoo wakisubiri lori. Mama yangu alikuwa mmojawapo. Ekari yake moja ya mizabibu iko upande huohuo wa mji iliko misheni ya Bihawana, ambako wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu mwaka 1957. Babu yangu alifanya kibarua misheni, na siku moja akarudi nyumbani na vipando vimefungwa ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Shamba letu lilianzia kwenye gunia hilo.

Mimi nilikuwa nimetoka Sokoine, Morogoro, na shahada ya sayansi ya chakula, na kiwanda kimoja cha mvinyo kikanipa kazi ya maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja: meza ya saruji, bomba lisilotoa maji mchana, na kipima sukari cha kushika mkononi. Unadondosha tone la maji ya zabibu kwenye kioo, unakielekeza kwenye mwanga, unasoma nyuzi. Zikivuka 20, unaanza kuzungumza habari za kuvuna. Nilikuwa nasoma nyuzi hizo dirishani pale mlango ulipofunguliwa akaingia mzungu mwenye mafuta ya mashine mpaka kwenye viwiko, akauliza kwa ishara iliko sabuni.

Alikuwa Mtaliano wa Irpinia, nchi ya vilima ndani ya Campania, mashariki ya Naples. Alikuja kwa mkataba kuwasaidia wenye kiwanda kuandaa mvinyo mkavu, usiotiwa sukari. Jina lake liliwashinda walinzi, na kwa kuwa asubuhi hiyohiyo alikuwa ameifungua pampu iliyolala wiki nyingi na kuifunga tena ikapiga kazi, wakamwita Fundi. Nilipomwamkia shikamoo, naye akanijibu shikamoo. Chumba kizima kilicheka. Haikupita muda akawa anaitikia marahaba kwa sauti nzito ya mzee wa baraza, na akikutana na wazee wa Kigogo njiani yeye ndiye anayeanza: "Mbukwenyi!" Mimi aliniita Dada. Kiwanda kizima kiliniita hivyo, naye akadhani ndilo jina langu la ubatizo. Alipoelezwa, alisema amekwisha kulizoea.

Kilichomshangaza kuliko vyote ni kwamba mizabibu yetu hailali. Kwao majani yanapukutika baada ya mavuno, baridi inashika, theluji inaweza kuanguka, na mzabibu unabaki kijiti kikavu mpaka majira yageuke. Usingizi huo ndio unaoufanya mti uchipue macho yake yote kwa pamoja. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu wa huku ukiuacha ujiendeshe utakuwa na majani mwaka mzima, ua huku, kishada kule, kimoja kibichi na kingine kimeshaoza, na hutapata mavuno ya kujaza hata toroli. Kwa hiyo mkulima anaupogoa baada ya kila mavuno. Mti unakatwa, unashtuka, unachipua upya wote kwa mara moja, na kuanzia siku hiyo ndipo unapohesabu miezi.

Siku ya kwanza nilipompeleka shambani kwa Mama, Fundi alisimama katikati ya mistari na mkasi mkononi, akaangalia shina lililopogolewa juzi na lililokuwa tayari linatoa machozi ya utomvu kwenye vidonda. Akasema, kwa Kiswahili chake cha wakati ule ambacho nusu kilikuwa mikono, "Kwetu baridi ndiyo inaamua. Hapa mkasi ndiyo baridi."

Halafu akaingia kwenye hesabu, maana alikuwa mtu wa hesabu. Fundi wa mvinyo wa kwao akianza kazi kijana, na Mungu akimpa afya, atavuna mara arobaini, akizidi sana hamsini. Kila alichojifunza mwaka huu atangoja mwaka mzima kukijaribu. Hapa angevuna mara mbili kila mwaka. "Dada," alisema, "hapa mimi nazeeka mara mbili, lakini najifunza mara mbili."

Mama hakupendezwa na falsafa hizo wakati ukungu unamla majani. Mavuno ya Februari ndiyo yenye tabu, kwa sababu zabibu zinakua mvua ikinyesha, na unyevu huo ndio chakula cha ukungu. Dawa yake ni salfa, na mrututu uliochanganywa na chokaa, mchanganyiko ambao Wafaransa wa Bordeaux walianza kuutumia mashambani katika miaka ya 1880 na ambao Mama aliurithi kwa babu bila kujua una uzee huo. Alikuwa akiukoroga kwa kijiti ndani ya ndoo, na katika msimu wa kupulizia kucha zake zilikuwa za bluu. Fundi alipoiona mikono ile alimwomba aigeuze, aione na viganja. Akasema baba yake alikuwa na mikono hiyohiyo, na mama yake alikuwa hamruhusu kuiweka juu ya kitambaa cha meza. Tangu hapo alimwita Mama, kama mimi, na Mama akampokea bila maneno mengi kwa kumkabidhi bomba la kupulizia.

Mvua iliyokuwa ije mwisho wa 2005 ilichelewa, na ilipokuja haikutosha. Bwawa la Mtera likashuka, na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme ambao kila aliyekuwa mtu mzima wakati huo anaukumbuka. Zabibu za Agosti 2006 zilikuwa nzuri ajabu. Jua kali mchana na baridi ya usiku ya uwanda wa juu ziliziachia sukari nyingi na ukali wa kutosha. Tatizo lilianzia ndani. Mchuzi wa zabibu unapochacha hupata joto. Hamira inakula sukari, inatoa kileo, inatoa hewa ya kaboni, na inatoa moto wake. Tangi kubwa lisipopozwa hujipasha lenyewe, na likikaribia nyuzi 40 hamira inakufa huku sukari nyingi bado imo, na vijidudu vya siki vinakuta mlango wazi.

Usiku mmoja mashine ya kupoza ilikuwa imekaa kimya tangu mchana na dizeli ya jenereta imebaki ya kukisia. Kipimajoto changu kilisoma 33, baadaye kidogo 34. Fundi hakusema kitu. Alitoka nje, akarudi na walinzi wamebeba magunia matupu ya katani. Tuliyafunga kuzunguka matangi kwa kamba, tukafungua milango yote ya upande unaotoka upepo, tukaanza kumwagia maji kwa ndoo kutoka kwenye simtanki. Upepo wa Agosti wa Dodoma ni mkavu na hauchoki. Ulipiga magunia yale, maji yakageuka mvuke, na matangi yakaanza kupoa kama mtungi unavyopoa kivulini. Hatukuacha kumwagia. Kulipopambazuka kipimajoto kilisoma 29, na mlinzi mmoja alikuwa amelala wima, ndoo mkononi.

Kati ya ndoo na ndoo, kazi nyingine ilikuwa kuzamisha maganda. Mvinyo mwekundu huchacha pamoja na maganda yake, na hewa inayopanda huyasukuma yaelee juu yakawa tabaka nene. Usipoyazamisha hukauka na kuchacha siki. Chumba cha mapipa ya wazi kilikuwa chini, ngazi kadhaa ndani ya ardhi, na kabla ya kushuka Fundi aliwasha mshumaa, akaufunga kwenye fito, akautanguliza karibu na sakafu. Hewa ile ya kaboni ni nzito kuliko hewa ya kawaida na hujaa chini bila rangi wala harufu ya kukutahadharisha. Mshumaa ukizimika, hushuki. Aliniambia kwao kila mtoto wa nyumba yenye pipa anajua kuutanguliza mshumaa kabla hajajua kusoma.

Hapo ndipo aliponisimulia habari za Novemba 1980. Aglianico, zabibu nyeusi ya vilima vyao, ni miongoni mwa zinazochelewa sana kuiva Italia. Huvunwa mwisho wa Oktoba, mara nyingine Novemba. Jumapili ya tarehe 23 Novemba mwaka ule, jioni, mvinyo wa baba yake ukiwa bado unachacha, ardhi ya Irpinia ilitikisika kwa karibu dakika moja na nusu. Walikufa watu karibu 3,000 katika vijiji na miji ya upande ule. Nyumba yao ilianguka upande mmoja. Familia ililala shambani, ndani ya gari na chini ya turubai, kwenye baridi. Asubuhi na jioni baba yake aliwaacha hapo, akashika mshumaa, akashuka kwenye ghala lililochimbwa mwambani kuzamisha maganda. Mama yake alimlilia asishuke, maana ardhi ilikuwa bado inatetemeka mara kwa mara. Mzee alijibu kwamba nyumba inaweza kungoja, mvinyo hauwezi.

"Na ulikuwaje ule mvinyo?" nilimuuliza.

"Mkali. Lakini tuliuza wote. Hatukuwa na paa. Mvinyo ulioweza kukaa miaka kumi, sisi tuliuuza mbichi."

Mambo ya kuuza haraka niliyajua bila kwenda Irpinia. Mwaka uliofuata ule wa mgao, mnunuzi mmoja alikuwa amewaahidi wakulima wa upande wetu kwamba atapita Jumatatu. Walivuna Jumapili baada ya misa, kwa sababu zabibu haivunwi wiki moja kabla. Jumatatu lori halikuja. Jumanne halikuja. Jumatano nyigu walikuwa wameshafika, na alipotokea mtu mwingine mwenye kigari alitaja bei ya kutukana. Wengine waliuza. Mkulima wa zabibu hana ghala. Anacho kitu kinachoharibika mbele ya macho yake, na mnunuzi anajua hivyo, anaweza hata kukaa kwenye kivuli akanywa soda kabla ya kurudia bei ileile.

Mama aliwaita wajukuu, wakapandisha kreti juu ya tembe. Wasiolijua tembe wafahamu kwamba ni nyumba ya Kigogo ya asili, ndefu na fupi kwa kimo, yenye paa bapa la fito na udongo ulioshindiliwa. Juu yake hukaushwa mlenda, kunde, mtama, chochote kinachotakiwa kufika mwakani. Alitandaza mikeka, akamimina zabibu, akazipanga kishada kimoja kimoja zisilaliane.

Fundi alikuja Jumamosi moja akamkuta Mama yuko juu anazigeuza. Akapanda kwa ule mti wenye mapengo tulioutumia kama ngazi, na paa likalalamika kidogo kwa uzito wake. Nilipanda nyuma yake. Upande uliokuwa umeelekea jua punje zilikuwa zimeshanywea na kukunjamana, zina rangi ya kahawia iliyoiva. Upande wa chini zilikuwa bado zimejaa, na pale kishada kilipogusa mkeka palikuwa na alama ya ukindu kwenye ngozi ya zabibu. Alichuma punje moja, akaitafuna polepole, akatoa mbegu akaziangalia kiganjani. Akachuma nyingine. Hakuwa anakula, nilimfahamu, alikuwa anapima.

"Mama, zitakaa hapa mpaka lini?"

"Hizi hazina haraka," Mama alisema. "Zenye haraka ni zile za kwenye kreti."

Mkataba wake ulikwisha, akarudi kwao. Kwanza tuliandikiana. Nilimweleza habari za mavuno yote mawili ya mwaka, yeye akaniletea ya mavuno yake moja. Baadaye simu zikabadilika, namba zikapotea, mimi nikaacha kiwanda nikaenda kufundisha wakulima kupogoa na vijana kusindika, na miaka ikafanya kazi yake. Ni binti yake aliyenitafuta kwenye mtandao akaniandikia kwamba baba yake amemaliza kupogoa mizabibu ya kwao na anataka kuja kupogoa ya kwetu.

Alikuja baada ya Pasaka ya 2025. Mara ya kwanza alikuwa amefika kwa treni ya reli ya kati, akashuka na vumbi la nusu nchi. Safari hii alitoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme akashuka Dodoma chini ya saa nne baadaye, shati halijakunjamana, akiuliza kama ni stesheni yenyewe. Nilimwambia wizara zote zimeshahamia, na Dodoma ni jiji tangu 2018. Ila Bunge la bajeti lilikuwa limekaa, na vyumba vilikuwa vimejaa vilevile. Nikamchukua moja kwa moja mpaka Mpunguzi kwa Mama. Fundi alikuwa mzee wa nywele nyeupe sasa, na goti moja halikunji vizuri. Nilipomwamkia aliitikia marahaba kwa sauti ileile ya baraza.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Macho yake hayaoni mbali siku hizi, lakini aliposikia "Mbukwenyi" alicheka kabla hajaletewa mkono. Akamshika viganja, akavigeuza, akavipapasa. "Bado unafanya kazi," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Chakula cha jioni alikipanga mwenyewe na akakataa ushauri: kuku wa kienyeji, ugali wa uwele, mlenda wa kukausha uliotiwa karanga. Wanangu walikaa wakingoja kumwona mzungu akishindwa, maana utelezi wa mlenda huwaaibisha wageni. Fundi alinawa, akafinya tonge, akatia kidole gumba kutengeneza kishimo, akachota, akazungusha mkono akaukata utelezi hewani bila kudondosha hata tone kwenye shati. Mwanangu wa mwisho akapiga makofi. "Babu Fundi, nani amekufundisha?" Akaelekeza kidevu kwa Mama.

Nilikuwa nimeleta mvinyo mweupe mkavu wa Chenin Blanc, wa hapahapa, umekaa kwenye friji ya jirani tangu asubuhi. Alinusa, akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Nilijikuta nakaa wima. "Huu ulipozwa vizuri," akasema. Maneno hayo kwa mtu mwingine yangekuwa machache. Mimi na yeye tulikuwa tumebeba ndoo. Akauliza nani ameuandaa. Nilimwambia ni kijana niliyemfundisha kazi. "Basi huyo ni mjukuu wangu, nitamdai mahari." Nikamwambia mahari haidaiwi hivyo, tukacheka mpaka Mama akauliza tunacheka nini.

Ndipo akatoa mfukoni chupa ndogo, ya nusu lita, imefungwa ndani ya soksi ya sufu isivunjike. Akaiweka mbele ya Mama. Akaeleza kwamba aliporudi kwao alitandaza sehemu ya zabibu zake juu ya vichanja, ndani ya dari lenye madirisha, akaziacha zikauke kabla ya kuzikamua. Mvinyo wa zabibu zilizokaushwa Italia si jambo geni. Mikoa mingine huufanya toka zamani. Ila majirani zake walimcheka, kwa sababu Aglianico ya Irpinia ina heshima yake, ni ya kufanyia Taurasi, mvinyo mkavu ambao kwa sheria hauuzwi kabla haujatimiza miaka mitatu, na angalau mmoja kati ya hiyo uwe ndani ya pipa la mti. Yeye aliwaambia alikuwa ameona paa la udongo Afrika.

Mama amelima zabibu maisha yake yote, na mvinyo hanywi. Lakini mgeni ametoka mbali. Nilimmiminia kwenye kikombe cha chai. Akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho, akameza.

"Tamu," alisema. "Halafu inakuja na ukali nyuma." Akaonja tena. "Kilo ngapi zimeingia kwenye chupa hii?"

Fundi alitabasamu, nadhani alitegemea swali jingine. "Kama kilo mbili, Mama. Zikikauka zinatoa maji kidogo sana."

"Unaiuza bei gani?"

"Euro thelathini."

Mjukuu wake mkubwa akatoa simu akapiga hesabu. "Bibi, ni kama elfu tisini."

Mama aliweka kikombe chini. Hakuna aliyehitaji kumwambia yeye bei ya kilo mbili barabarani pale. Akanyamaza muda, midomo ikitembea kidogo, kama afanyavyo akihesabu. Kisha akauliza, "Na mkulima anapata ngapi hapo?"

"Mkulima ni mimi, Mama."

Mazungumzo mengine ya usiku ule siyakumbuki kwa mpangilio, lakini jibu hilo nimetembea nalo. Sisi tumelelewa kwa kuambiwa subira huvuta heri, na kwenye mvinyo hakuna kinachosifiwa kuliko subira: mvinyo uliokaa, pipa lililotulia, mzee aliyengoja. Anayesifu hivyo mara nyingi ana mahali pa kungojea. Baba yake Fundi alikuwa na subira ya kutosha kushuka ghalani huku ardhi ikitetemeka, na bado aliuza mvinyo mbichi kwa sababu hakuwa na paa. Majirani zetu walioziuza zabibu zao Jumatano ile hawakuwa na papara kuliko Mama. Walikuwa hawana tembe lililobaki imara, au walikuwa na ada ya shule ya Alhamisi. Subira ina mtaji wake. Inataka tangi, umeme usiokatika, paa, na fedha kidogo ya kukuvusha mpaka bei ije. Mwenye vitu hivyo akichelewa anaitwa mwenye busara. Asiyekuwa navyo akichelewa, zabibu zinaoza.

Ndiyo maana siku hizi, nikifundisha wakulima, sianzi na aina za zabibu. Ninaanza na swali la siku ngapi mtu anaweza kukaa na mavuno yake kabla hajalazimika kuuza. Kikundi kinachokamua chenyewe na kuhifadhi mchuzi kwenye tangi lake kinajibu kwa miezi. Mwenye kreti anajibu kwa saa. Tofauti ya bei iko kati ya majibu hayo mawili, na Mama aliifikia kwa kikombe kimoja cha chai.

Usiku ule Mama alirudi kwenye jambo hilo kabla hatujaondoa vyombo. Tembe liliporomoka zamani. Nyumba ya sasa ni ya tofali na mabati, na bati, alisema, linaunguza zabibu badala ya kuikausha, tena lina mteremko. Fundi akasema hahitaji paa, anahitaji vichanja na kivuli chenye upepo. Mama akasema upepo ndio kitu pekee ambacho Dodoma haijawahi kumnyima. Walichora kwa kidole juu ya meza, katikati ya mifupa ya kuku: fito hapa, wavu wa nyigu pale, na nafasi ya mtu kupita kugeuza.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Mama alimpa mkasi. Mavuno ya kwanza yalikuwa yameshatoka, mizabibu ilikuwa imevaa majani yaliyochoka, na Fundi akaanza mstari wa kwanza kwa goti moja lililonyooka, akiacha macho matatu kwa kila tawi. Kijana wa jirani aliyekuja kusaidia alisema siku hizi wanaacha manne. Wakabishana mpaka chai. Mama, kutoka kwenye kigoda chake kivulini, alitaka nusu ya shamba lote iende kwenye vichanja. Fundi akamsihi awe na robo, kwa kuwa mwaka wa kwanza lazima nyingine zitashika ukungu. Hawakukubaliana kwa urahisi, na mimi sikuingilia. Mwishowe waliishia kwenye theluthi, na mjukuu akafunga kitambaa chekundu kwenye nguzo za mistari hiyo. Lori la mnunuzi likija Agosti litapimiwa iliyobaki.